Mjusi wa Tendaguru: mnaotaka arudi, semeni arudi wapi

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Swali la mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyoko Berlin, halifi. Wabunge wa Lindi wameliuliza mara nyingi: lini atarudi, na kama harudi, tunalipwa nini? Mwaka 2018 Balozi Augustine Mahiga, Mungu amrehemu, akiwa waziri wa mambo ya nje, alisema Tanzania haitadai mifupa hiyo, bali inataka Wajerumani washirikiane nasi katika utafiti. Mimi jibu hilo halijawahi kuniingia.

Kwa asiyeijua habari yenyewe: mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuta mfupa mkubwa umechomoza ardhini Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikachimba hapo. Vitabuni mabwana wa kazi ni Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini walioshika majembe ni watu wetu, na msimu wa 1911 walikaribia 500. Mifupa ikazungushiwa mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 220!

Tazameni na miaka yenyewe. Majimaji ilizimwa 1907, mashamba yamechomwa, njaa imebeba watu wengi kuliko risasi. Mtu ametoka kwenye njaa ile, unamwambia kuna ujira wa kubeba mawe. Akikubali, utasema amekubali kwa hiari?

Sasa hoja inayopendwa na wasiotaka arudi: hatuna uwezo, atavunjika njiani. Hapa huwa nacheka. Mjusi huyu alisimamishwa Berlin 1937. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto akashushwa, mifupa ikafichwa chini ya jengo kwa kuogopa mabomu. Mwaka 1984, enzi za Ujerumani Mashariki, akafunguliwa tena, akapakiwa kwenye masanduku, akapelekwa Tokyo kwenye maonesho, akarudi salama. Mwaka 2005 akashushwa tena kupisha ukarabati, na 2007 akasimama upya, kimo mita 13.27. Aliyekwenda Japani na kurudi, Lindi ndiko kutamshinda?

Na kutunza tunajua. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai 1959, lilirudi kutoka Kenya mwaka 1965 na liko Dar mpaka leo. Karibuni tubishane, ila bila matusi.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, Zinj ni fuvu, linaenea kwenye kasha. Huyu mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele, begani mpaka kwenye kiwiko, ni mita 2.13. Utamweka wapi, uwanja wa Ilulu?

Mchangiaji wa 3

Na mvua ikinyesha mechi inaahirishwa 😂

Mchangiaji wa 4

Mimi kazi yangu ni miamba, naomba nitofautiane na mleta mada, tena si kwa sababu ya uwezo.

Kwanza, huyo mnayemwita mjusi mmoja si mmoja. Sehemu kubwa ni ya mnyama mmoja, kweli, lakini mkia ni wa mwingine, na fuvu mnaloliona juu kule ni nakala, kama zilivyo pingili za mgongo, maana zile halisi ni nzito mno kuning'inizwa. Ukidai "mjusi arudi", mwanasheria wa upande wa pili atakuuliza unadai mifupa au unadai sanamu. Utamjibu nini?

Pili, mali iliyopo si ile inayopigwa picha na watalii. Kuna mifupa mingine kwa maelfu makabatini, ya wanyama wadogo kwa wakubwa, na kuna mizigo iliyokaa karibu miaka mia bila kufunguliwa, ikiwa bado ndani ya mianzi ileile iliyofungwa Tendaguru. Na kuna madaftari ya uwandani. Mfupa usiojua umetoka shimo gani, tabaka gani, ni jiwe zuri la kupamba sebule. Pale Tendaguru matabaka yenye dinosaria yametenganishwa na mchanga wa bahari uliojaa kome na konokono. Yaani miaka kama milioni 150 iliyopita bahari ilikuja, ikarudi, ikaja tena. Ukitaka kujua mnyama gani aliishi kabla ya bahari kupanda na yupi baada yake, mfupa hausemi. Linalosema ni daftari, na daftari lipo Berlin, kwa Kijerumani, kwa mwandiko wa 1910.

Kijana wetu wa shahada ya uzamili akitaka kulinganisha mfupa alioupata mwenyewe Lindi na ule wa kwanza uliopewa jina, aanze kwa kupanga foleni ya viza. Hilo ndilo linaloniuma. Nipe madaftari, picha, ramani za mashimo na nafasi za masomo kwa vijana wetu, mjusi wa sebuleni wabaki naye.

Mchangiaji wa 5

Dada mwanajiolojia umesema, ila "wabaki naye" umeitoa kirahisi mno. Unajua kwamba wamemwandikisha kwenye orodha ya mali za thamani za taifa la Ujerumani? Kamzaa nani?

Mchangiaji wa 6

Mimi ni wa Lindi. Mwaka juzi nilikodi bodaboda tukaenda mpaka kilimani. Njia ile mvua zikianza isahauni. Tulifika, dereva akazima pikipiki akaniuliza, "Ndiyo hapa?" Nyasi zilinifika kifuani. Mashimo ya Wajerumani yamebaki mabonde ya kujikwaa, hakuna hata kibao. Mzee mmoja kijijini akaniambia wageni huja, huuliza, hupiga picha, huondoka, na yeye mwenyewe hajawahi kuiona hata picha ya huyo mnyama. Nikamwonesha kwenye simu. Akaitazama kitambo, akasema, "Kumbe shingo ndefu hivi."

Sasa nyie mnabishana Berlin au Dar. Akija Dar, sisi tutatofautiana nini na sasa? Nauli ya kwenda kumwona tu ndiyo itapungua.

Mleta mada

Mchangiaji wa 6, umenipiga pabaya. Nakiri nilipoandika nilikuwa na Dar kichwani.

Lakini mfano upo, tena wa Ujerumani hiyohiyo. Mwaka 2023 walirudisha Brazili kisukuku cha dinosaria mdogo, Ubirajara, aliyekuwa makumbusho ya Karlsruhe. Na hakupelekwa mji mkuu. Alirudi Cariri, Ceará, kule kwenye miamba aliyotolewa. Najua mtasema Brazili walikuwa na sheria ya visukuku tangu 1942, na yule alitoka nchini sheria ikiwepo, wakati sisi 1909 sheria ilikuwa ya mkoloni mwenyewe. Sawa. Ila Novemba 2023 Rais Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa waliyoyatenda Majimaji. Ukiomba radhi kwa vita, mzigo uliobebwa na walionusurika kwenye vita hiyo utauita wa halali kwa mdomo upi?

Kwa dada mwanajiolojia: nimekuelewa kuhusu madaftari, na hilo naliweka la kwanza kwenye dai. La pili, la kumwachia mjusi, hapana. Uliyempa msamaha wa mjusi leo, kesho atakupa nakala za daftari kwa hisani yake, akijisikia.

Mchangiaji wa 4

Hapo kwenye "kwa hisani yake" sina ubishi. Bado nasema ukianza na mjusi mkubwa mazungumzo yatakwama kwenye mjusi mkubwa miaka ishirini.

Ngoja niongeze jina ambalo uzi mzima haujalitaja: Boheti bin Amrani. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji kwa Wajerumani, na Waingereza walipokuja kuchimba palepale miaka ya 1920 wakamchukua yeye tena. Mwaka 2007 mtafiti wa Kijerumani alimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina lake, Australodocus bohetii. Janensch ana wasifu wake kwenye kamusi za wanasayansi. Boheti ana jina tu kwenye mnyama wa pingili mbili za shingo.

Mchangiaji wa 6, wewe uko huko. Ukirudi kijijini kwa yule mzee, muulize kama ukoo wa Amrani bado upo.

Mchangiaji wa 6

Nitamuuliza. Ila baada ya masika, dada, njia nimeshawaambia.