Banda la gemu: mwenye flashi ya singeli ana haki ya kuzima mlio wa mashine?

MTOA MADA
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja iliyoshindikana kijiweni Kanyenye, hapa Tabora mjini, na sasa inaanza kuwagombanisha watu.

Kuna banda la gemu, jina naliacha, lina kompyuta zenye MAME, ile programu inayoigiza mashine za zamani za kutumbukiza sarafu. Siku hizi anayelipia mechi anaruhusiwa kuchomeka flashi yake. Gemu linazimwa sauti yote, sabufa inapiga singeli. Wanaotetea wanasema mwenye hela ndiye anayechagua, na kwamba mlio wa gemu ni mapambo tu.

Mimi napinga. Pigeni muziki mnaoutaka, ila kuufuta kabisa mlio wa gemu kwenye mechi ya watu wawili, ile ya anayefungwa anapisha, si haki.

Kwenye gemu hizi mlio ni taarifa. Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, 1978, haina hata wimbo. Ina noti nne nzito zinazojirudia, na kadiri maadui wanavyopungua ndivyo wanavyokimbia, maana mashine imebakiwa na vitu vichache vya kuchora. Noti nazo zinakimbia nao. Unajua kwa sikio hali imefikia wapi huku macho yako yakiwa kwenye risasi. Pac-Man ya 1980, king'ora kinapanda kadiri vidonge vinavyoisha. Defender ya Williams ndiyo usiseme: uwanja wake ni mpana kuliko skrini, mtu wako anatekwa upande usiouona, na mlio ndio unaokushtua. Najua kuna rada ndogo pale juu. Ukiwa umezingirwa, nani ana muda wa kuitazama?

Na Street Fighter II, gemu la kupigana ngumi ambalo ndilo linaloleta ugomvi wote huu, damu ya mmoja (ule mstari wa uhai wake juu ya skrini) ikikaribia kuisha muziki wenyewe unaongeza kasi. Capcom, kampuni iliyolitengeneza, waliuweka hivyo tangu 1991. Ukipachika singeli juu yake, umetoa kengele mlangoni.

Nawasilisha.

MDAU WA NG'AMBO
Mtoa mada umetupeleka shule, asante, ila naomba kutofautiana.

Kwanza, singeli ikipigwa tunaisikia wote wawili. Kama ni kupoteza taarifa, tumepoteza sawasawa. Dhuluma iko wapi?

Pili, una habari na Out Run ya Sega, 1986? Kabla gari halijaondoka unachagua wimbo kwenye redio, ziko tuni tatu. Yu Suzuki mwenyewe kamwachia dereva redio, halafu wewe wa Kanyenye unanikataza kubadilisha stesheni! Xbox ya kwanza, ile mashine ya gemu ya Microsoft ya 2001, ilikuwa inahifadhi nyimbo za CD zako uzipige ndani ya gemu zilizoruhusu. Watengenezaji walishalikubali hili zamani.

Tatu, na hili ulijibu vizuri: pale tuna mwenzetu kiziwi, Street Fighter anatufunga wote. Anasikia kengele gani?

FUNDI SIMU, GONGONI
Mnagombana bure kwa sababu mwenye zamu anajua kitufe kimoja tu, cha kuzima sauti.

Ndani ya MAME bonyeza Tab, nenda kwenye vidhibiti vya sauti. Bodi ya Street Fighter II ina chipu mbili za sauti. Ala nyingi za muziki zinatoka kwenye Yamaha YM2151. Sauti za watu na vishindo vya ngumi vinatoka OKI MSM6295. Punguza ya kwanza, acha ya pili. Muziki wa gemu unafifia, ngumi zinabaki, mpiganaji Ryu akipiga kelele ya moto wake unamsikia. Hapo weka singeli yako. Ngoma kidogo za wimbo wa zamani zitabaki zinagongana na za kwako, vumilia. Na wanaotumia RetroArch, programu nyingine ya kuigiza mashine za gemu, ina kichanganya sauti chake humohumo. Unapakia faili la wimbo nalo linapiga juu ya gemu.

Kitu ambacho hakuna aliyekigusa ni hizo spika za bluetooth. Mlio unachelewa. Unarushiwa moto, umeshaungua ndipo unausikia. Tumieni waya.

Halafu mtoa mada, samahani, hizo noti nne za Space Invaders unazozililia: mashine ile ilizitoa kwa saketi, na MAME kwa miaka mingi haikuweza kuiigiza saketi ile. Ilikuwa inapiga mafaili ya sauti yaliyorekodiwa pembeni. Kwa hiyo na wewe ulikuwa unasikiliza muziki wa kupachika.

MSTAAFU WA RELI
Vijana, hamjambo. Mimi gemu sijui, mjukuu wangu ndiye ananisomea haya. Ninachouliza ni kwa nini iwe singeli. Mji huu ndio uliotoa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Magitaa yale yangefaa sana hilo gari lenu la redio.

Na TANU walikutana hapahapa Tabora Januari 1958 wakaamua jambo zito la kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ule wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, likaisha. Nyie la sabufa linawashinda?

MDAU WA NG'AMBO
Shikamoo mzee. Flashi ijayo nakuwekea Tabora Jazz, nakuahidi.

MAMA CHEREHANI
Mnajadili noti nne na mimi nakaa ukuta mmoja na hilo banda. Wanangu, huku kwangu hakifiki king'ora wala Ryu, inafika besi tu. Mteja ananitajia vipimo vya kiuno, naandika vya mtu mwingine. Kwa nini wasivae hedifoni kila mtu akasikia la kwake?

MSOMA SHERIA
Kwa kifupi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haitofautishi baa na banda la gemu: muziki ukipigwa hadharani kwa biashara unahitaji kibali, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, wanahusika. Mwenye banda ndiye wa kuulizwa, si mwenye flashi. Na kabla mtoa mada hajafurahi: MAME yenyewe ni ya bure na halali, ila mafaili ya gemu ni mali ya kampuni zilizoyatunga. Mnatetea heshima ya kazi ya Capcom kwa nakala mliyopewa na nani?

MTOA MADA
Mama, shikamoo. Hoja yako ina uzito kuliko zote humu na hedifoni naziunga mkono.

Fundi, umenishika kwenye mafaili. Lakini hata yakiwa yamerekodiwa, yanafuata mwendo wa maadui. Singeli haimfuati yeyote. Out Run nakubali, kwenye mbio chezeni na redio mnayotaka.

Ila Mdau, hilo la "tumepoteza sawasawa" silikubali. Wewe na wenzako mnafanya mazoezi na flashi yenu kila jioni, mmeshajifunza kusoma damu kwa jicho. Anayetoka Isevya kucheza kama gemu lilivyo anaingia mechi ya sheria asizozijua. Na kiziwi wetu anatufunga kwa sababu jicho lake limefanya kazi hiyo miaka yote. Hiyo ni sifa yake, haiwi kibali cha kuniziba mimi masikio. Wachezaji wawili wakubaliane kabla. Wasipokubaliana, mlio wa gemu ubaki.

MDAU WA NG'AMBO
Kwa mechi za wawili, sawa. Nikicheza peke yangu na hela yangu, hunigusi.

MWENYE BANDA
Nimeletewa huu uzi na mteja. Mnaongea kama mna mashine moja. Zikiwa zote zinalia pamoja, mwingine Pac-Man, mwingine Street Fighter, hakuna anayejua king'ora ni cha nani, ndiyo maana niliruhusu zizimwe. Hayo ya chipu mbili, fundi, pita kesho unionyeshe. Ya COSOTA nimeyasoma.

Hedifoni zilikuwepo mwaka jana, kila kompyuta na yake. Wachangiaji wengine humu wanajua zilikokwenda.