Msaada: logi ya huduma ya wavuti inakata kila asubuhi

ChumbageniIT: Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Tanga, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Tuna huduma ya WCF (mfumo wa Microsoft wa kutengeneza huduma za wavuti) kwenye IIS (seva ya wavuti ya Windows), maombi ya baadhi ya wateja yanagoma. Nimewasha kurekodi meseji nikamate kosa, lakini logi inakata yenyewe kama saa 1 asubuhi. Malalamiko yanaanza saa 3. Diski ina nafasi tele. Bosi anataka jibu leo.

MzeeWaSeva: Angalia maxMessagesToLog, kikomo cha meseji za kurekodi. Usipoiandika ni 10,000. Zikifika hapo hairekodi tena mpaka programu iwashwe upya. Mnaiwasha upya saa ngapi?

ChumbageniIT: Saa 6 usiku, kila siku.

DadaAmboni: Faili umeliweka wapi? Na logEntireMessage (kurekodi meseji nzima, na mwili wake) ni true?

ChumbageniIT: Lipo kwenye seva, dada. Shida yangu ni kukata tu.

PwezaRaskazone: WCF mpaka leo? Hamieni Linux, tcpdump (programu ya kunasa data ya mtandao) inamaliza kila kitu.

MzeeWaSeva: Kwenye HTTPS data imefichwa kwa siri, hiyo tcpdump itakuonyesha kachumbari.

Kiherehere: Subirini kwanza. Meseji 10,000 usiku wa manane, bandari gani hiyo? Meli zote zimehamia Tanga? Hii chai. Kijana ana kazi ya chuo.

ChumbageniIT: Si chai mkuu. Kuna programu ya ofisini inauliza hali ya mizigo kila sekunde 10, usiku kucha.

MzeeWaSeva: Basi hesabu inakubali. Maswali 360 kwa saa. Ukiwasha ngazi ya huduma na ya usafirishaji, kila meseji inarekodiwa mara mbili, kwa hiyo swali na jibu lake ni rekodi 4, yaani 1,440 kwa saa. Ukianza saa 6 usiku, 10,000 inaisha saa 1 asubuhi kasoro dakika 3. Zima logMessagesAtServiceLevel, bakiza ya usafirishaji, kisha weka kichujio cha XPath (lugha ya kutafuta ndani ya XML) kishike ombi linalogoma tu.

Kiherehere: Haya, nimekubali.

DadaAmboni: Mimi sijajibiwa. Faili liko folda gani?

ChumbageniIT: Ndani ya folda ya tovuti. Nimelipa jina la .txt bosi alifungue kwenye simu. Anwani anaijua yeye tu, na kesho nalitoa.

DadaAmboni: Lingebaki .svclog, jina la kawaida la logi za WCF, IIS ingekataa kulitoa kwa kosa 404.3. Hiyo .txt inampa yeyote anayeomba. WCF inaficha paswadi iliyo kwenye kichwa cha usalama, ya kwenye mwili wa meseji inaandikwa kama ilivyo. Yenu ipo wapi?

ChumbageniIT: Mwilini. Pamoja na TIN.

DadaAmboni: Toa leo. Peleka D:\logi, ipe akaunti ya app pool (inayoendesha huduma yenu ndani ya IIS) ruhusa ya kuandika, la sivyo faili halitaundwa. Weka autoflush true, iandike kwenye faili papo hapo. Paswadi zote zibadilishwe. Bosi aje asomee mezani kwako, kwa SvcTraceViewer, programu ya Microsoft ya kusomea logi hizi.

ChumbageniIT: Nikilitoa link itakufa. Bosi ameshaituma kwenye grupu la wateja.

MzeeWaSeva: Bado uko hapa unaandika?