Tupeane uzoefu: majengo, sanaa na safari za mwanamke mjini

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa yale tuliyoyapitia wenyewe kuhusu namna miji, majengo na kumbi za sanaa zinavyompokea mwanamke. Miaka ya malezi nilikuwa nikitoka nyumbani nimembeba mtoto mmoja, nampeleka mwingine shule, napitia zahanati na dukani, ndipo nifike kazini. Mabasi, kwa upande wake, yalipangwa kwa ajili ya mtu anayekwenda ofisini asubuhi na kurudi jioni mikono mitupu. Baadaye nilisoma kwamba huko Vienna, mji mkuu wa Austria, katika miaka ya 1990, ulijengwa mtaa wa makazi uitwao Frauen-Werk-Stadt, uliosanifiwa na wanawake, wenye shule ya chekechea ndani yake na mahali pa kuweka vigari vya watoto kwenye kila ghorofa. Nilijiuliza kwa nini jambo jepesi kiasi hicho lilisubiri karne nzima.

Msanifu:
Dada, mimi nachora majengo. Katika ofisi ya kwanza iliyoniajiri nilikabidhiwa kuchora majiko, yaani vyumba vya kupikia, na msomaji asidhani kwamba ilikuwa heshima: sebule ilichorwa kwanza, nami nikapewa nafasi iliyosalia. Ndipo nikaanza kumsoma Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Austria, ambaye mwaka 1926 alisanifu jiko la Frankfurt, lililopewa jina la mji huo wa Ujerumani, dogo na lililopangwa ili mpishi asipoteze hatua. Nalistahi sana, ingawa naona kwamba jiko linalomtosha mtu mmoja tu huamua pia kwamba mtu huyo atafanya kazi peke yake, na kila ninapochora naacha upana wa watu wawili kupishana, hata mteja akilalamika kwamba namlia nafasi ya sebule.

Kuhusu majina, michoro yangu ilitoka kwa jina la mwenye ofisi. Kwa hiyo sikushangaa kusoma kwamba tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo duniani, ya mwaka 1991 alipewa msanifu wa Marekani Robert Venturi peke yake, ilhali Denise Scott Brown, mkewe na mshirika wake wa kazi, aliachwa, na kwamba ombi la mwaka 2013 la kumtambua naye lilikataliwa.

Zamu ya Alfajiri:
Nafanya usafi katika jumba la sanaa. Siku moja nilisimama nyuma ya wageni, ndoo mkononi, nikamsikia mwongozaji akieleza habari za Mierle Laderman Ukeles, msanii wa Marekani ambaye mwaka 1969, akiwa mama mwenye mtoto mchanga, aliandika tamko kwamba kazi ya kutunza na kusafisha ni sanaa, na mwaka 1973 akasugua ngazi na sakafu za jumba la makumbusho huko Hartford mbele ya watu. Nilikasirika kwanza, maana yeye alipigwa picha kwa kazi ambayo mimi naimaliza kabla milango haijafunguliwa. Hasira ilipungua nilipojua kwamba baadaye alizunguka New York akiwapa mkono wazoa taka zaidi ya 8,500 na kumshukuru kila mmoja. Hata hivyo, kwetu jina la aliyetundika picha huandikwa ukutani, na la anayeosha ukuta halipo popote.

Kitindamimba:
Mimi ni mwanamume, na nakubaliana na mengi, ila nisingependa tuyaite ya wanawake pekee. Nilimsukuma mama yangu kwenye kiti cha magurudumu kwa miaka, nikakutana na ngazi zilezile anazozilalamikia mwenye kigari cha mtoto.

Mwanzisha mada:
Kaka, ngazi ni zilezile, lakini hesabu nani husukuma mara nyingi zaidi, na nani huketi katika kikao kinachoidhinisha ngazi hizo.

Kitindamimba:
Hilo silipingi. Kwenye daraja letu la waenda kwa miguu hatimaye iliwekwa njia ya mteremko, kisha vikasimikwa vyuma vya kuzuia pikipiki, na kati ya vyuma hivyo kiti cha mama hakipiti.