Mrejesho: mamangu na uso uliopinda

Shukran nyote mlonijibu nlipouliza kuhusu mamangu hapa Lamu, ule uso uliolegea upande mmoja ghafla na jirani wakasema kapigwa na upepo twende kwa mganga. Tulienda hospitali siku ile ile, daktari akamwambia "Mama, inua nyusi," paji upande ule likabaki laini halina hata kunyanzi, mikono na miguu iko sawa, ndo akasema si stroki (kiharusi), ni mshipa wa fahamu wa uso, palsi ya Bell. Akampa dawa iitwayo prednisoloni, hiyo yafaa ianzwe ndani ya saa 72, na matone maana jicho lilikuwa halifumbi, usiku twalifunga kwa plasta. Sasa chai haimwagiki tena mdomoni, alhamdulillahi. Ila mkiona na mkono umelegea au maneno hayatoki jamani kimbieni hospitali, msingoje asubuhi!