Naomba ushauri: kuwafundisha watoto kuchapa kwa kibodi na kuandika programu nyumbani
Ndugu zangu, ninawafundisha nyumbani watoto wangu wawili, wa miaka 6 na 9. Katika kuandika programu sina shida: mkubwa anatumia Scratch, lugha ya programu ya kuunganisha vipande vya amri kwenye skrini, iliyokusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16, na mdogo anatumia ScratchJr, toleo lake la watoto wadogo, ambalo halimlazimu kujua kusoma. Kinachonisumbua ni kuchapa. Nimewaonyesha vialama vilivyoinuka kwenye herufi F na J, ili vidole vya shahada vipate mahali pa kuanzia bila kutazama kibodi, lakini mdogo, ambaye vidole vyake bado ni vifupi, hurudia kuchapa kwa kidole kimoja. Je, nimwache hadi mikono ikue, au mazoea hayo yatamwia vigumu kuyaacha baadaye?