Tupeane uzoefu: The Three Musketeers ilikuponza vipi utotoni?

Mzee wa Makorora
Wakuu, habari za jioni. Jana nimerudi kazini namkuta mwanangu wa darasa la nne kasimama juu ya kochi na mpini wa ufagio, kamwelekezea dada yake: "Mmoja kwa wote, wote kwa mmoja!" Kuuliza, kumbe kaiona ile filamu ya The Three Musketeers, ya askari wa mfalme wa Ufaransa na panga zao. Ile ya mwaka 1973, aliyoiongoza Richard Lester. Ile yenye vituko, siyo hizi za juzi. Nikaangalia mguu wangu wa kushoto, nikanyamaza. Yangu nitasema baadaye. Nyie anzeni.

Fundi Redio
Dah, umenikumbusha mbali. Banda letu lilikuwa la magunia, benchi nne, TV ya inchi 14 na deki inayokula kanda. Mtafsiri wetu alikuwa jamaa wa mtaani tu, anamuiga Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu, mpaka kikohozi. Ugomvi mkubwa ulikuwa hesabu: jina linasema watatu, wakitoka kupigana wapo wanne. Kuna mtu alidai arudishiwe nauli.

Mama Wawili
Nauli ya banda la video? Hahaha.

Fundi Redio
Alitoka mbali dada, usicheke.

Kijana wa Nakuru
Huku kwetu Kenya mtafsiri wa filamu alikuwa DJ Afro, mambo yalikuwa moto. Lakini wazee, nielezeni kitu kimoja. Hawa watu jina lao linatokana na bunduki, musketi. Mbona filamu nzima ni panga?

Mjukuu wa Pangani
Filamu ya pili bunduki zinalia, kule vitani La Rochelle. Nenda kaiangalie, The Four Musketeers, 1974. Na wewe mleta mada useme ukweli, ile siyo vichekesho tu. Ya kwanza unacheka mpaka mbavu, ya pili Milady, yule mwanamke jasusi wa Kardinali, anamnyonga Constance, mpenzi wa shujaa wetu d'Artagnan, kwa rozari ndani ya nyumba ya watawa. Nilikuwa na miaka kumi, nililia njia nzima.

Mama Wawili
UMETUHARIBIA. Nilikuwa naishusha sasa hivi niangalie na wanangu.

Mjukuu wa Pangani
Kitabu kilianza kutoka gazetini Paris mwaka 1844. Ulikuwa unasubiri nini? Na humo kitabuni siyo rozari, ni sumu kwenye divai.

Mama Wawili
Endelea tu kuharibu.

Baharia Mstaafu
Nyote mnapoteza muda. Yenyewe ni ya 1993, Charlie Sheen, Kiefer Sutherland, na Tim Curry kama Kardinali. Hiyo ya 1973 watu wanaanguka anguka hovyo kama walevi wa mnazi.

Mzee wa Makorora
Hapo ndipo utamu ulipo baharia! Hiyo yako mtu anapigana na kumi, nywele hazijavurugika. Kwa Lester mtu anachoka. Unamsikia anahema. Ile ya kwa madobi wanapigana kwa mashuka mabichi. Ile ya usiku kila mmoja kashika taa mkono mmoja na upanga mkono mwingine, hawaonani vizuri. Upanga ni chuma, unalemea mkono, na mtu akikosea anakupiga na kiti.

Baharia Mstaafu
Kwa hiyo kuchoka ndiyo sifa? Basi mimi ni bingwa.

Fundi Redio
Oliver Reed, yule anayecheza Athos, walimchoma shingoni kweli wakipiga picha za pambano la kwenye kinu cha upepo. Yule hakuwa anaigiza jamani. Wenzake walikuwa wakimuogopa.

Mjukuu wa Pangani
Na Roy Kinnear, yule mtumishi mnene wa d'Artagnan, aliyetuchekesha kuliko wote. Waliporudi kutengeneza ya tatu mwaka 1988, alianguka kwenye farasi huko Toledo, Hispania, akafariki. Hiyo ya tatu mimi siiwezi.

Mbeba Maboksi Madrid
Nipo huku Hispania, nathibitisha. Ile "Paris" mnayoiona sehemu kubwa ni huku huku. Nilimpeleka mama mkwe Aranjuez kwenye kasri, nikajifanya namwonyesha historia, kumbe natafuta mlango aliotokea Raquel Welch, yule aliyecheza Constance.

Mama Wawili
Na mkeo anasoma huu uzi?

Mbeba Maboksi Madrid
Hajui Kiswahili, alhamdulillahi.

Kibarua wa Zege
Mimi nachangia upande wa jasho. Wale waigizaji walisaini filamu moja. Akina Salkind, baba na mwana, ndio wenye mradi. Picha zikapigwa mfululizo, wakaja kuzikata vipande viwili, wakauza mara mbili. Watu wakaenda kwa mawakili. Tangu hapo mikataba ya waigizaji kule ina kifungu cha kuzuia hilo, na kinaitwa kwa jina la Salkind mpaka leo. Ni sawa na upewe hela ya kumwaga zege ghorofa moja, Jumamosi ukute jengo lina mbili na zote umemwaga wewe. Yalinikuta mwaka jana. Kifungu sikuwa nacho.

Kijana wa Nakuru
Pole sana kaka. Na je, ni kweli aliyeandika kitabu ni mtu mweusi?

Baharia Mstaafu
Tumeanza. Kila mtu maarufu mnataka awe mjomba.

Mjukuu wa Pangani
Alexandre Dumas, bibi yake mzaa baba alikuwa mtumwa Mwafrika kwenye kisiwa ambacho sehemu yake leo ni Haiti. Baba yake akawa jenerali wa jeshi la Ufaransa. Mwaka 2002 Wafaransa walimhamishia Panthéon, wanapozikwa wakubwa wao. Sasa baharia kama hutaki awe mjomba, sisi tunamchukua.

Mama Wawili
Tunamchukua. Mleta mada, mguu.

Fundi Redio
Mguu mguu mguu.

Mzee wa Makorora
Haya. Tanga, mwaka 1995. Mnaikumbuka ile wanaingia kwenye hoteli hawana senti? Wanaanza kugombana wao kwa wao, panga zinalia, wateja wanajibanza ukutani, kumbe kila upanga unaporudi umerudi na chakula. Wanatoka wameshiba. Tuliiona mara mbili, mara ya tatu tukasema hii ni elimu.

Tulikuwa watatu. Panga tulichonga kwa pongoo za mnazi. Kinga ya mkono tulitoboa kifuu katikati, tukakipitisha mpaka kwenye mshikio, ukikamata vidole vinafichika humo ndani kama kwa wenyewe. Ncha ya kwangu niliichonga kwa kisu cha mama mpaka ikawa kama sindano ya kushonea magunia. Shabaha ni kibanda cha mama mmoja muuza chapati, maandazi na samaki, jioni watu wanapotoka kazini.

Mimi nikamshika mwenzangu shati, ananidai gololi. Tukachomoa. Wa tatu akajifanya anaamua, huku ncha yake ipo kwenye sinia. Wallahi dakika ya kwanza ilikwenda kama kwenye TV. Andazi la kwanza likaingia, la pili likakaa juu yake. Watu wanacheka, wanapisha.

Sasa mimi nikaona sifa. Nikavua shati nikalizungusha mkononi kama Athos anavyofanya na joho, nikarudi nyuma hatua mbili bila kutazama. Kisigino kikagonga jiwe la jiko.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia *chwaaa*, kama samaki anapotiwa karaini, nikajiuliza huyu mama anakaanga saa hizi? Kumbe anayekaangwa ni mimi.

Mama hakupiga kelele. Alinikamata kwapani, akanikalisha kwenye kigoda, akateka maji ya ndoo, kata baada ya kata, mguuni. Muda mrefu mno. Wenzangu nilisikia ndala zao zinapungua sauti kuelekea barabarani. Alipomaliza akaniinamia sikioni: "Mmoja kwa wote. Na hao wote wako wapi?"

Banda la video lilikuwa nyuma ya kibanda chake, wakuu. Ukuta wa gunia. Ile filamu alikuwa akiisikia kila siku kwa sauti ya mtafsiri.

Fundi Redio
Nimeanguka. Nimeanguka kabisa.

Kijana wa Nakuru
Huyo mama apewe filamu yake.

Baharia Mstaafu
Ungepaka dawa ya meno, kovu lisingebaki.

Mama Wawili
Baharia usidanganye watu, dawa ya meno kwenye moto ni kujitakia. Ni maji ya kawaida ya kutiririka, dakika ishirini. Mama wa watu alijua.

Kibarua wa Zege
Asali.

Baharia Mstaafu
Au mashuka mabichi, kama ya Lester.

Mjukuu wa Pangani
Mzee, huyo mwanao mpe upongoo, siyo mpini wa ufagio. Ule unavunja meno.

Mama Wawili
Mnyang'anye vyote. Na adhabu ulipewa?

Mzee wa Makorora
Kukanda unga wake mwezi mzima, nachechemea. Ndiyo maana nyumbani kwangu chapati napika mimi.

Fundi Redio
Na yale maandazi mawili?

Mzee wa Makorora
Jamaa alikimbia nayo yakiwa bado kwenye upanga. Juzi kanipigia, anaomba mchango wa harusi ya binti yake. Nikamwambia, tuanze na andazi langu.