Kovu la mti na neno la mzee vinakutana wapi?

Swali: Wadau, nasoma juu ya Wakaruk na Wayurok, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa California, Marekani. Wazee wao husema msitu ulichomwa kwa makusudi, moto mdogo mdogo, mara kwa mara. Watafiti nao wanahesabu pete za miti, yaani duara za ukuaji wa kila mwaka ndani ya shina. Vinaunganaje?

Jibu: Kwenye kovu, ndugu yangu. Moto mdogo huunguza upande mmoja wa shina bila kuua mti. Jeraha likifunikwa, pete hutaja mwaka, pengine hata msimu. Lakini kovu halisemi nani aliwasha wala kwa nini. Hilo analijua msusi wa vikapu: hazeli, kichaka cha msituni, ikiungua huchipua fito ndefu zilizonyooka za kusukia. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuyaita maarifa haya "simulizi tu".

Jibu: Msisahau marufuku ya kuchoma. Sheria ya California ya 1850 iliwaadhibu wenyeji waliochoma nyika. Mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani ikaagiza kila moto uwe umedhibitiwa kufikia saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Majani makavu na miti michanga vikalundikana. Kwa hiyo leo, ili moto mdogo usigeuke mkubwa, sehemu nyingine lazima vipunguzwe kwanza, ndipo kiberiti kiwashwe.

Muulizaji: Asanteni sana. Naanza na wasusi, kisha nirudi kwenye pete.